Kisufuria cha Mzee Lubbert

Haya, nikutegee, na usichungulie mwisho: kwa mwenye farasi ni gari, kwa mwenye njaa ni sufuria, kiko juu ya paa la kila mtu na hakuna aliyewahi kukishusha. Ni nini hicho?

Umeshindwa? Usinipe mji bado. Ufunge mji wako kwenye upindo wa kanga, tufuatane kwanza mpaka kijiji cha Wanneperveen, katika nchi yenye mji wa Amsterdam, maana huko kuna nyumba nzima iliyoshindwa kitendawili hikihiki, na kila aliyekuwamo alikuwa amekitazama kwa macho yake tangu utotoni.

Aliyewategea ni Mzee Lubbert, nahodha wa boti la tanga. Wala hakuwa akifanya mchezo. Kitendawili chake kilikuwa neno moja, ndilo pekee alilobakiwa nalo.

Kiharusi kilimkuta vuli imeanza, amekaa mlangoni kwa mwanawe Jannes akimenya viazi. Kisu kilianguka, kiazi kikabingirika, na yeye akafuata. Alipozinduka, mkono wa kulia ulikuwa umekufa, mdomo umekwenda upande, na maneno yake yote yalikuwa yametoweka. Naye alikuwa na maneno! Ya kuwagawia wanakijiji na mengine yakabaki. Sasa lilibaki moja.

"Kisufuria," alisema.

Wao husema *steelpannetje*, yaani kile kisufuria kidogo chenye mpini mrefu, cha kuchemshia maziwa. Hakuna jiko kule lisilokuwa nacho, kinaning'inia msumarini kitako kikiwa cheusi.

Geesje, mke wa Jannes, aliinama akamwekea sikio mdomoni. "Unasemaje, baba?"

"Kisufuria."

"Ana njaa huyo," akasema Femmigje, mama yake Geesje, aliyekuwa akikaa ng'ambo ya mfereji upande wa kaskazini lakini alishinda zaidi kwa mkwewe kuliko kwake. "Mwanamume akitaja sufuria anataka kula. Hilo nalo linahitaji daktari?"

Basi akapikiwa uji wa shayiri wa maziwa ya mtindi, akaletewa na kile kisufuria chenyewe ili aridhike. Alikula, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu. Alipomaliza akatikisa kichwa, akamtazama Geesje kama mtu anayemtazama mwenye duka ambaye amempa chumvi badala ya sukari.

"Kisufuria."

Kesho yake supu ya njegere, nzito, kijiko kinasimama. Akala vijiko vichache, akatikisa kichwa. Keshokutwa viazi vya kuponda na soseji. Akageuza uso ukutani.

"Labda ni ile sufuria nyingine," Femmigje akamnong'oneza binti yake. "Ile ya chini ya kitanda."

Wakamletea chungu cha haja. Mzee Lubbert akakitazama chungu, kisha akamtazama Femmigje, akamtazama hasa, mpaka mwanamke aliyewahi kuzika waume wawili bila kutetereka akaona haya, akakirudisha chungu mwenyewe amekifunika kwa aproni.

Mtu mwingine angecheka. Geesje hakuweza, kwa sababu alimpenda mzee huyu kwa namna ambayo si kila mke humpenda baba wa mumewe. Alimstaajabia. Alikuwa na sababu. Huyu ndiye aliyekuwa akivuka ile bahari ya ndani, kabla haijafungwa kwa ukuta, boti limejaa matete na udongo mweusi wa kuwashia moto mpaka maji yanalamba ubao wa juu, akaingia Amsterdam kabla waokaji mikate hawajaamka. Usiku mmoja wimbi lilivunja taa na dira vyote kwa pamoja. Mabaharia wake wawili walianza kuimba nyimbo za kanisani. Yeye akawaambia, imbeni tu, ila mmoja aimbe huku akitoa maji. Akaliingiza boti katikati ya nguzo mbili za mdomo wa bandari ya Enkhuizen, nguzo ambazo hata mchana wengine huzigonga, na alipofunga kamba alilalamika jambo moja tu, kwamba kahawa imepoa.

Kisha mkewe akafa, boti likauzwa, akaja kukaa nchi kavu. Hakunung'unika hata siku moja. Alimenya viazi maganda yakatoka membamba kama karatasi, akazibua mabomba, akamtania Geesje. Hakumwita kwa jina. Alimwita Binti wa Gari, tangu jioni ile ya uchumba wao, Jannes alipompeleka gatini Zwartsluis akamwone baba mkwe. Walibishana siku hiyo, Geesje na mzee, juu ya jambo dogo. Geesje akamwuliza swali, naye mzee akacheka akamwambia, panda botini ule chakula changu, ndipo nitakujibu. Geesje aliyaogopa maji. Hakupanda. Swali likabaki palepale gatini.

Ubishi wenyewe ulihusu nini? Subiri, tunafika.

Siku ya kisufuria kitupu ndiyo iliyowavunja moyo. Jannes alikuwa ametoka kukamua, amechoka, akakitoa kisufuria msumarini akampa baba yake mkononi.

"Haya baba, hiki hapa. Kisufuria. Unakitakia nini?"

Ukumbuke mzee alikuwa amelazwa katika kitanda cha ukutani, vile vitanda vya zamani vya kule vilivyojengwa ndani ya ukuta kama kabati, mbao kichwani, mbao miguuni, mbao juu, na milango ya kufunga. Joto lipo, lakini dirisha hakuna. Mle ndani alikuwa amekaa vuli nzima.

Mzee akakipokea kisufuria kwa mkono wa kushoto, na macho yake yakawaka. Akakiegemeza kifuani, mpini ukielekea kushoto. Akaachia. Kwa kidole akagusa ukingo wa kisufuria, ule ulio mbali na mpini, akaanzia chini kwenye kitako, akapanda mpaka mdomoni, kisha kidole kikaendelea kupanda hewani, moja kwa moja, mpaka kikagonga mbao za juu. Tok. Akarudia. Kitako, mdomo, juu. Tok. Akawatazama mmoja mmoja.

Wakainua macho wakazitazama mbao.

"Anaonyesha mbinguni," akasema Femmigje, akaanza kulia. "Anajiandaa, maskini. Anaonyesha njia."

Mzee Lubbert akafumba macho. Kisufuria kikateleza kikaanguka sakafuni kwa kishindo, na hakuna aliyejua kama kimeanguka au kimetupwa.

Daktari alifika alasiri, mtu mpole, mwenye haraka kidogo. Akampima mapigo, akamwinua kope, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda na kumwuliza polepole, kwa sauti ya kumsemesha mtu mzima na si mtoto, "Mzee Lubbert. Unajua uko wapi?"

Mzee akamwangalia kwa makini. Akakusanya nguvu zote.

"Kisufuria," akajibu.

Daktari akampigapiga begani. Mlangoni akawaambia Jannes na Geesje kwamba Meppel kuna nyumba ya wagonjwa wa namna hii, ina wauguzi, ina vitanda vya kisasa. Mwili wake unaweza kuishi miaka, alisema, lakini mwenyewe ameshaondoka. Kesho asubuhi atakuja na gari kumchukua.

"Na kama hajaondoka?" Geesje akauliza.

"Kama kabla ya hapo atasema jambo moja lenye kichwa na miguu, mama, nitafurahi kurudi na gari tupu. Nakuahidi. Lakini liwe jambo, lisiwe sufuria."

Jannes aliketi mezani, kofia bado kichwani. "Tuna ng'ombe, tuna nyasi, tuna wewe na huo mgongo wako unaouma. Geesje, hata hanitambui."

"Anakutambua. Sisi ndio hatumtambui."

"Basi mwambie aseme!"

"Usimpigie mama yake mtoto kelele," Femmigje akaingilia, ingawa nyumba hiyo haikuwa na mtoto. Alikuwa na matumaini yake. Akajitanda shali, akavaa viatu vyake vya mbao. "Nakwenda kuwasha moto wangu. Hapa kuna baridi ya watu, si ya hewa."

Geesje naye akatoka, kwa sababu akibaki angelia, na hakutaka kulia mbele ya kitanda kile. Akachukua kikapu akaenda nyuma ya nyumba kwenye rundo la udongo wa kuwashia moto. Huko ndiko kaskazini. Vuli ile ilikuwa ya ukungu na mvua, wiki kwa wiki mbingu haijaonekana, mtu angeweza kusahau kama ipo. Jioni hiyo upepo ulikuwa umegeuka. Kulikuwa kumeshaingia giza, kwani kule msimu huo giza huja kabla ya chakula cha jioni, na juu ya mashamba ya matete mbingu ilikuwa imeoshwa ikawa safi.

Aliinua macho akaona nyota saba anazozijua tangu alipoweza kusimama.

"Gari limeshuka," akajisemea, kama alivyokuwa akisema marehemu baba yake kila vuli, nyota zile zinapoteremka karibu na ardhi: nne ni gari lenyewe, tatu ni farasi. Wakulima wote wa kule ndivyo wasemavyo. Gari.

Ng'ambo ya mfereji Femmigje alikuwa ameshawasha moto wake. Moshi ulipanda wima kutoka kwenye bomba la paa, mweupe, ukaenda kukoma moja kwa moja chini ya zile nyota nne. Na Geesje, kikapu mkononi, akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona maishani. Hakuona gari. Aliona jiko la mama yake linawaka, na juu ya moto, kimetua sawasawa, mpini ukielekea kushoto, kuna kisufuria.

Kikapu kilianguka.

Gati la Zwartsluis likamrudia lote, harufu ya lami na ya matete mabichi. Mzee Lubbert amesimama botini, kiko cha tumbaku mdomoni, anaonyesha juu: Kione kisufuria chetu, binti, vuli imeingia, kimewekwa motoni. Na yeye, msichana wa shamba, ulimi mwepesi: Kisufuria gani? Lile ni gari, baba, hata mtoto anajua, farasi wale pale! Na mzee akicheka mpaka kiko kikamtoka: Kwenu gari, Binti wa Gari. Kwetu kisufuria. Vuli kiko motoni. Majira ya baridi kimesimama kwa mpini, mtoto amekinyakua alambe ukoko. Machipuo kimefunikwa kikauke. Kiangazi kimetundikwa msumarini. Hakijapata kumwaga tone. Na yeye: Sasa kwa nini ninyi peke yenu mwite sufuria, na nchi nzima inaita gari? Na lile jibu lake la panda botini, ule.

Kidole. Kitako, mdomo, juu. Nyota mbili za ukingo, zile zilizo mbali na mpini. Ukizifuata kwenda juu zinakufikisha kwenye nyota isiyohama, ile ya kaskazini. Ndivyo alivyoingia Enkhuizen dira ikiwa imevunjika.

*Unajua uko wapi?* daktari alimwuliza. Naye akajibu vizuri kabisa kuliko mtu yeyote: nipeni kisufuria changu nitawaambia. Kumbe wamemfungia kabatini mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kulala bila kujua kaskazini iko wapi, kisha wanamshangaa amepotea.

Aliingia mbio, viatu vya mbao vikigonga sakafu, jambo alilolikataza mwenyewe nyumbani mwake.

"Jannes! Kisufuria si cha jikoni. Kiko nje!"

"Nani amekitoa nje?"

"Zile nyota, Jannes. Gari! Baba yako analiita kisufuria!"

Alitazamia abishe. Jannes hakubisha. Alivua kofia polepole, na uso wake, uso wa mkulima mwenye ng'ombe, ukawa wa mtoto.

"Shuleni," alisema. "Waliponitoa botini wakanileta kwa shangazi nisome. Mwalimu akauliza zile nyota saba zinaitwaje, mimi nikanyoosha mkono haraka. Nikasema kisufuria. Darasa zima lilikufa kwa kicheko. Wakaniita Sufuria mpaka namaliza shule, wakinipita njiani wanagonga vifuniko. Nikaliacha neno lile, Geesje. Nikaliacha kabisa, nikasema gari kama wao. Hata leo nimempa baba sufuria mkononi, na sikukumbuka."

"Basi kumbuka sasa. Shika miguu."

Wakamfunga mzee kwa mablanketi mpaka akawa kama mtoto mchanga mwenye ndevu. Kumbeba mikononi hawakuweza, alikuwa mkubwa wa mifupa. Jannes akaleta toroli ya kubebea udongo, Geesje akaitandika mto, wakampakia. Hapo ndipo Femmigje alipotokea akivuka daraja, taa mkononi.

"Mnampeleka wapi? Mmekwenda wazimu? Baridi hii itamuua!"

"Anakwenda kuangalia sufuria yako, mama."

"Sufuria yangu? Mimi nimeacha viazi motoni, anavitakia nini?"

"Geuka uangalie juu ya bomba lako."

Femmigje akageuka. "Naona gari," akasema.

"Zima taa, mama. Na unyamaze kidogo."

Si kawaida yake, lakini alizima, akanyamaza.

Jannes alisukuma toroli mpaka mwisho wa bustani, palipo wazi, akaigeuza uso wa mzee uelekee kaskazini. Gurudumu likaacha kulia. Wakasikia maji ya mfereji yakijikuna kwenye matete.

Mzee Lubbert alitazama. Hakuna kilichotokea usoni mwake kwa kitambo, na Geesje akaanza kuogopa kwamba amekosea, kwamba kesho gari litakuja lile lingine, la daktari. Kisha blanketi likasogea. Mkono wa kushoto ukatoka. Kidole kikagusa hewa, chini, kwenye kitako cha kisufuria, kikapanda mdomoni, kikaendelea kupanda taratibu, bila kutetemeka, na safari hii hakikugonga mbao. Kilipanda mpaka kikafika kwenye ile nyota moja, kikatulia pale.

Akashusha pumzi ndefu. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyefunga kamba gatini.

Halafu akaanza kuipanga dunia. Kwa kidole kilekile akaonyesha kushoto kwake, palipo ile bahari iliyofungwa. Akaonyesha nyuma, juu ya bega, Zwartsluis. Akaonyesha kulia, Meppel, akatikisa kichwa kwa nguvu, hapana. Kisha akaushusha mkono, akaonyesha ardhi, palepale chini ya toroli, bustani ya mwanawe. Akaipigapiga hewa juu yake, kama mtu anayepiga kiti akimaanisha, hapa nitakaa.

Jannes alikuwa amepiga magoti kwenye tope, kashikilia ukingo wa toroli. "Baba," alisema. "Baba, mimi Sufuria."

Mdomo uliokwenda upande ulitaka kucheka, ukacheka nusu.

"Lakini daktari alisema aseme jambo," Femmigje akanong'ona, sauti yake ya kunong'ona ikisikika mpaka shamba la tatu. "Kidole si jambo. Daktari hatakubali kidole."

Geesje alijua mama yake anasema kweli. Akainama karibu na toroli, akamkinga baridi kwa mgongo wake, akaushika ule mkono wa kushoto uliokuwa baridi kama chuma.

"Baba, mimi niliogopa maji, sikupanda botini kula. Lakini wewe umekula kwangu vuli nzima, hata vile usivyovitaka. Naona deni limelipika. Nijibu swali langu la gatini. Kwa nini mnaita kisufuria, na nchi nzima inaita gari?"

Mzee alimtazama. Wakauona mdomo ukihangaika, ukitafuta, ukishika neno na kuliacha, kama mtu anayepapasa kamba gizani. Jannes akafungua kinywa amsaidie. Geesje akamkanya kwa jicho. Moshi wa Femmigje ulikuwa bado unapanda, na juu yake nyota saba zimetulia motoni.

"Binti," akasema Mzee Lubbert. Akapumzika. "Binti wa Gari." Akameza mate, na yaliyobaki yakamtoka yamekwaruzika, polepole, lakini kila moja mahali pake. "Sisi tulizaliwa botini. Gari... hatukuwa nalo. Tulikuwa na kisufuria."